Kero ya Kufika

Kuna nchi moja, iko mbali sana na hapa, kwa hiyo mtu asianze kunitazama kwa jicho la pembeni, ambayo imekatwa katikati na mto. Mto wenyewe unaitwa Ruhangwe. Upande mmoja kuna mji wa Matopeni, ambako watu wanalala. Upande wa pili kuna Ng'ambo, ambako kuna hospitali, soko, shule ya sekondari, mahakama na kila kitu ambacho mtu akishaamka hukihitaji. Aliyepanga mambo hivyo alistaafu kwa heshima na barabara ikapewa jina lake.

Daraja lipo. Yaani, lilizinduliwa. Utepe ulikatwa upande wa Matopeni, ngoma zikapigwa, keki yenye umbo la daraja ikaliwa mpaka makombo, na hadi leo nguzo moja imesimama majini peke yake, korongo amekaa juu yake. Kwenye ramani za shule daraja limechorwa lote, na mtoto anayesema halipo hukosa alama.

Kwa hiyo watu walivuka kwa pantoni, na miongoni mwao alikuwamo Sikitu.

Sikitu alikuwa mama kijana wa Matopeni, mke wa Hoza wa mashine ya kusaga. Kila Jumatano alipanda pantoni akiwa amembeba Tunu mgongoni. Tunu ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza, mwenye mashavu yaliyofinywa na kila mpita njia, na alizaliwa mguu wake wa kushoto umejikunja kwa ndani, wayo ukiutazama wayo mwenzake kana kwamba unataka kuunong'oneza jambo. Katika hospitali ya Ng'ambo kulikuwa na tabibu mmoja, Sista Eufrasia, mwenye mikono mipana na maneno machache, aliyekuwa akiunyoosha mguu ule kidogo kidogo. Anaukanda, anaugeuza kadiri unavyokubali, halafu anaufunga plasta ngumu mpaka Jumatano inayofuata. Asubuhi ya siku hiyo Sikitu huiloweka plasta kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anaibandua, anamwogesha mtoto, kisha wanavuka kwenda kufungwa nyingine.

"Usikose hata wiki moja," Sista Eufrasia alimwambia tangu mwanzo. "Mguu huu una kumbukumbu. Ukiuacha wazi utarudi ulikotoka, na mifupa ikishakomaa mikono yangu haitauweza tena. Atatembelea ubavu wa mguu maisha yake yote."

Sikitu hakukosa. Mvua ilinyesha akaenda, aliugua jino akaenda.

*

Sasa Wizara ya Mito na Burudani ya nchi hiyo ilikuwa na fumbo. Ilikuwa imejenga hoteli mlimani, yenye mabafu ya maji moto, na aliyekuwa akioga humo ni mlinzi. Ilikuwa imeweka miavuli kwenye ufuko wa ziwa, na kunguru walikuwa wakiitumia vizuri. Lakini taarifa zilisema pantoni ya Matopeni hujaa tangu alfajiri mpaka jioni, watu wamening'inia kwenye vyuma. Wizara ikatazamana yenyewe kwa yenyewe. Kumbe wananchi wanapenda mto kuliko likizo yoyote. Kilichobaki ni kujua kwa nini.

Akatumwa mtafiti, Bwana Fulgensi, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata upepo, na mkononi ana kinasa sauti kilichovishwa manyoya kama mtoto wa paka. Jumatano hiyo akaanza na Sikitu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amembana ubavuni.

"Habari za likizo, dada?"

"Likizo ya nani?"

"Yako. Kwa nini umechagua safari ya mtoni badala ya likizo za aina nyingine, mfano ufukweni au mlimani?"

"Nampeleka mtoto hospitali, kaka. Ile pale, yenye bati la bluu."

Fulgensi akakisogelea kinasa sauti na kusema taratibu, kama mkalimani wa kanisani: "Msafiri anapenda kwamba chombo hutia nanga katikati ya mji, karibu na huduma zote."

"Na daraja hakuna," Sikitu akaongeza.

"Hapendi foleni za magari."

Nyuma yao alisimama Bi Mwantumu, jirani yake Sikitu, mwanamke wa makamo aliyeuza vitumbua sokoni na ambaye hakuwahi kupitwa na mazungumzo ya mtu. Akapenyeza kichwa.

"Mwanangu, niulize na mimi. Hili beseni nimelipakata toka nyumbani, siliweki chini, maana kwenye pantoni hii ukiweka kitu chini mbuzi wa mwenzio anakionja."

"Msafiri anafurahia chakula kilichojumuishwa kwenye safari," Fulgensi akasema, na kuchukua kitumbua. "Na mzigo wake anaufungua mara moja tu."

"Rudisha hicho."

"Wenyeji ni wakarimu. Vipi kuhusu mandhari, mama?"

"Mandhari gani? Naona mgongo wa huyu baba mwenye gunia toka tulipoondoka."

"Mandhari iko karibu sana," Fulgensi akakiambia kinasa sauti, na huku akitafuna akapenya kuelekea kwa baba mwenye gunia.

*

Matokeo yalisomwa redioni na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kilindo, mtu ambaye sauti yake ilikuwa nene kiasi kwamba spika za redio pale kwenye mashine ya Hoza zilitetemeka. Hoza akazima injini ili wateja wasikie.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema, "utafiti umefanyika, tena wa kisayansi, tena ndani ya maji yenyewe. Tumegundua kuwa msafiri wetu anauchagua mto kwa sababu ana akili. Baharini angetapika, mlimani angechoka, kwenye basi angekaa dirisha la jua. Mtoni amekaa, na nchi inampitia mbele ya macho kama bibi harusi. Hapangi, hapangui, hafungui mizigo kila anapolala. Nani hapa hapendi hayo?"

Hakuna aliyejitokeza kuyakataa.

"Lakini tumegundua pia kasoro, na hili nalisema kwa uchungu. Starehe hiyo inakatizwa. Mwananchi bado hajakaa sawasawa, chombo kinagonga gati la Ng'ambo, anaambiwa shuka. Ndugu zangu, mtu aliyefika, likizo yake imekwisha. Serikali yenu haiwezi kulifumbia macho. Kuanzia Jumatano hii, tunawaondolea wananchi kero ya kufika."

Watu wote pale kwenye mashine wakapiga makofi, kwa sababu neno kero likitajwa pamoja na neno kuondolewa, makofi hutoka yenyewe. Hoza naye alipiga, vumbi la unga likaruka. Baadaye, wakati anafunga mkanda wa injini, ndipo alipomwuliza mteja mmoja, "Hivi alisema kero ya nini?"

*

Jumatano ilipofika Sikitu aliloweka plasta, akaibandua, akamwogesha Tunu, akashuka mtoni. Pantoni hakuitambua. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe mpaka kwenye matairi ya pembeni na kuandikwa Furaha ya Taifa. Kulikuwa na viti vyenye mito, mito ikiwa bado ndani ya nailoni, na kijana mmoja akipiga kinanda kwa hisia kubwa na vidole vichache. Kondakta Kingalu, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kupiga kelele watu washike vyuma, alikuwa amefungwa tai ya kipepeo na kupewa cheo cha Mwenyeji wa Furaha. Alionekana kama mtu aliyevishwa nguo za marehemu.

Chombo kikaondoka. Kikafika usawa wa gati la Ng'ambo, Sikitu akasimama, akajifunga kanga vizuri. Gati likapita. Bati la bluu la hospitali likapita. Akamwona hata mfagizi wa hospitali akifagia ua, naye akapita.

"Kaka Kingalu, tumepita."

"Tumepita vizuri, dada. Karibu juisi."

"Nishushe. Leo ni siku ya mtoto."

Kingalu akatazama huku na huku, akainama kana kwamba anapanga mto wa kiti. "Siwezi, dada yangu. Sasa hivi anayeshuka anahesabiwa kuwa ameanguka majini, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Nahodha mwenyewe mke wake yuko kule. Umemwona? Amempungia tu."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Mpaka kwenye kona ya juu, halafu tunageuka, tunarudi Matopeni." Akanyanyuka na kupaza sauti ya kazi: "Furahieni, furahieni."

Wakarudi Matopeni. Abiria wote walishuka walikopandia, kila mtu na mzigo wake haukufunguliwa hata mara moja, hilo tu Wizara ilikosea. Baba wa gunia alishuka na gunia. Mwanafunzi wa sekondari alishuka na begi lake na mtihani wake haujafanywa. Sikitu alishuka na Tunu, mguu ukiwa wazi, wa moto na laini, bila plasta.

Mtu anaweza kuuliza, mitumbwi je? Mitumbwi ilikuwa imekusanywa wiki ile ile na kupelekwa kwenye jumba la makumbusho, kwa maelezo kwamba inaharibu picha. Na mamba wa Ruhangwe walipewa hadhi ya vivutio vya taifa, wasisumbuliwe wakati wa kula.

*

Ofisi ya Wizara pale gatini ilikuwa ni kontena lililopakwa rangi ya mawingu. Ndani yake Sikitu akamkuta Bwana Fulgensi, ambaye kwa utafiti ule alikuwa amepandishwa cheo na kuwa Ofisa Mandhari wa Wilaya.

"Nataka kufika Ng'ambo," Sikitu akasema.

"Kufika ilikuwa idara, dada. Imevunjwa."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa wanaruhusiwa kupanda meli kama raia wengine. Hewa ya mtoni inasaidia sana."

"Huu ni mguu. Mguu hautibiwi na hewa."

"Umejaribu?" Fulgensi akauliza, si kwa ubaya; alitaka kujua kweli, iingie kwenye utafiti.

Akaenda tena kesho yake, na keshokutwa. Akaambiwa aandike sifa za safari aliyoifurahia zaidi. Akaambiwa asubiri Waziri akirudi kutoka nje ya nchi, ambako alikuwa amekwenda kupokea tuzo ya mto. Na kila alipombeba Tunu kurudi nyumbani aliugusa ule mguu kwa kidole gumba na kuusikia ukianza kukumbuka. Basi akawa kila anaponyonyesha anaushika kwa mkono mmoja, kuugeuza nje vile alivyomwona Sista akifanya, anaubana hapo mpaka mkono wake unakufa ganzi. Akichoka, Hoza anapokea kwa mikono yake ya unga, Tunu anabaki na mguu mmoja mweupe.

"Unakaza sana," Sikitu anamwambia.

"Wewe ulisema nikaze."

"Nilisema ushike. Hujawahi kushika kitu bila kukikaza, Baba Tunu."

"Mbona anacheka?"

Kweli Tunu alikuwa anacheka. Kwake yeye huo ulikuwa mchezo mpya, wazazi wawili wanagombania mguu.

*

Wakati huo huo, huko mji mkuu, wageni wa Wizara waliopanda Furaha ya Taifa wakaleta malalamiko. Kipeperushi kiliwaahidi kwamba ukingoni wataona wananchi wenye tabasamu wakiwapungia mikono. Walipofika usawa wa Ng'ambo wakakuta ukingo mtupu na mbwa mmoja, naye alikuwa amelala. Kumbe watu wa Ng'ambo, baada ya soko lao kukosa wateja na shule yao kukosa wanafunzi, walikuwa wamejifungia ndani wamenuna. Wizara ikaona aibu. Gari lenye kipaza sauti likapita Matopeni likitangaza kwamba wanahitajika wapungaji, wenye afya na uso wa bashasha.

Bi Mwantumu akaingia uani kwa Sikitu bila kubisha hodi, maana habari aliyokuwa nayo ilimtangulia.

"Mama Tunu, umesikia hao? Wanatafuta watu wa kupunga."

"Wapunge wenyewe."

"Hebu acha kufua, nikuulize swali. Wanaopunga wanasimama wapi?"

"Ukingoni."

"Ukingo wa wapi, shoga?"

Sikitu akaacha kufua. Povu likamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Abiria ndiye havuki," Bi Mwantumu akasema. "Mandhari inavuka. Jifunge twende, kabla hawajapata wazuri kuliko sisi."

Usaili ulifanyika pale kwenye kontena. Fulgensi alikaa nyuma ya meza na kila mtu alipita mbele yake akipunga. Mmoja alikataliwa kwa kupunga kama anayefukuza nzi. Mwingine aliambiwa tabasamu lake lina deni ndani yake. Bi Mwantumu alipunga akiwa ameshika kiuno kwa mkono wa pili, akapita bila maswali, nadhani Fulgensi alikumbuka kitumbua.

Alipofika Sikitu, Fulgensi akasimama kabisa. "Mama kijana, mtoto mgongoni, kanga. Hii ndiyo mandhari yenyewe. Wageni watalia." Kisha macho yake yakateremka. "Lakini huo mguu."

"Umefanyaje?"

"Unaonekana. Mgeni yuko likizo, dada. Hapendi kuona kitu kinachohitaji kufanyiwa jambo."

Sikitu alitaka kusema neno, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, kali kama siki. Akalitazama gati la Ng'ambo kupitia mlango wa kontena. Akalimeza. Akaushusha upande wa kanga mpaka ukamfunika Tunu mguu, akainua mkono wa kulia na kupunga polepole, huku anatabasamu, meno ya juu tu.

"Safi sana," Fulgensi akasema.

*

Boti ya mandhari ilikuwa ndogo, ya serikali, na iliwavusha bila kinanda. Ilipogonga gati la Ng'ambo watu wazima kadhaa walitokwa na machozi. Mkuu wa boti akawapanga ukingoni kwa urefu, akawaambia hakuna kuondoka mpaka meli ipite.

Sikitu akamtazama Bi Mwantumu.

"Nenda," Bi Mwantumu akasema bila kugeuza shingo. "Nitapunga kwa mikono miwili, watadhani mko wawili. Niachie hiyo kanga ya juu niitundike hapa kwenye mti."

Sikitu akatembea kama mtu asiye na haraka mpaka kona ya kwanza, halafu akakimbia. Sista Eufrasia alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, kwa kuwa wagonjwa hawakuwepo. Aliushika mguu wa Tunu, akaugeuza, akaubonyeza kwenye kifundo. Sikitu alilisubiri neno lake kwa mwili mzima.

"Umerudi nyuma," Sista akasema mwishowe. "Nani alikuwa akiushika?"

"Mimi. Na baba yake."

"Nimeona. Bila hivyo ungekuwa umerudi wote." Akachovya bandeji kwenye maji, ikaanza kulainika. "Tutaanza upya plasta mbili tatu. Tukimaliza zote atavaa viatu vyenye chuma katikati, miezi kadhaa. Utaweza kuja?"

"Nitakuja."

"Usiniambie utakuja kwa sababu unaniogopa. Utawezaje?"

"Mimi ni mandhari sasa, Sista," Sikitu akasema.

Sista Eufrasia alimtazama, akaona hatanii, akaendelea kuzungusha bandeji.

Aliporudi mtoni meli ilikuwa imeshapita na wapungaji wamekaa chini wanajikanda mabega. Lakini mkuu wa boti alikuwa amewasha injini na anaondoka peke yake.

"Na sisi?" watu wakauliza.

"Nyinyi mnabaki. Mandhari hairudi nyumbani jioni. Mliona wapi mlima umekwenda kulala?"

Watu walizungumza maneno ambayo Wizara isingeyaweka kwenye kipeperushi. Sikitu alikuwa anautazama mji wake ng'ambo ya maji, moshi wa jikoni wa Matopeni, paa la mashine ambamo Hoza alikuwa akisaga bila kujua. Mume kule, mtoto huku. Halafu akaigusa ile plasta mpya, iliyokuwa bado na ubaridi wa maji, ikikauka taratibu kwenye kiganja chake. Akaingia sokoni, akatafuta kibanda kisicho na mwenyewe, akaanza kufagia.

*

Hoza alipopigiwa simu alizima injini kwanza.

"Kwa hiyo umefika," akasema.

"Nimefika. Kurudi ndiyo hakuna."

"Mguu?"

"Umefungwa. Anasema ulishika vizuri."

"Alisema mimi?"

"Alisema baba yake. Baba yake ni nani mwingine?"

Hoza akakohoa. "Basi na mimi naja kupunga. Najua kupunga."

"Hujui. Ukipunga unakunja ngumi."

Alifundishwa na Bi Mwantumu kwa simu, kisha akapita usaili, na kwa kuwa alisema haendi popote bila mashine yake, Fulgensi aliipokea mashine kama mandhari ya viwanda. Ikavushwa vipande vipande.

Baada ya hapo njia ilikuwa wazi. Mwalimu mkuu akajiandikisha pamoja na darasa zima, kama mandhari ya vijana. Baba wa gunia akaja na gunia, na mbuzi wake wakapokelewa bila usaili. Hakimu alivuka na karani, akapunga akiwa amevaa joho, wageni wakampiga picha nyingi kuliko mamba. Wizara ikafurahi mno. Mheshimiwa Kilindo akatangaza redioni kwamba mandhari ya taifa imeongezeka kwa kasi isiyopata kutokea, na kwamba hizi ndizo juhudi za serikali yake. Soko likafunguliwa. Vitumbua vikauzwa. Kila meli ilipokaribia kengele ilipigwa, watu wakaacha biashara, wakapunga, wakarudi kwenye mizani. Tunu alimaliza plasta zake, akavishwa viatu vidogo vilivyoungwa na kipande cha chuma, akawa anavigonga sakafuni mwa kibanda mpaka majirani wakajua ameamka.

Siku Matopeni ilipobakiwa na kuku na ilani za serikali tu, meli ikakosa abiria. Wageni wa mji mkuu walikuwa wameshahamia kwenye likizo nyingine, nasikia ya kupanda puto. Waziri hakuamini. Akasema atapanda mwenyewe aone wananchi wanapungua kwa nini, na Fulgensi akalazimika kukaa naye kama umma.

*

Siku hiyo asubuhi Sista Eufrasia alikuwa amevifungua vile viatu, akaugeuza mguu huku na huku, akaugonga wayo kwa kidole. "Usiku utamvisha kama kawaida," akamwambia Sikitu. "Mchana mwache. Akitaka kusimama, asimame. Usimsimamishe wewe."

Kengele ilipopigwa watu walijipanga ukingoni kama desturi. Sikitu akaenda na Tunu, akamketisha kwenye tope laini, miguu mitupu. Hoza alikuwa upande wa pili, anapunga, ngumi karibu zimefunguka.

Meli ikaja. Kwenye sitaha yote palikuwa na watu wanne: nahodha, Kingalu na tai yake, Fulgensi, na Mheshimiwa Waziri mwenye kipaza sauti.

"Ndugu mandhari," Waziri akaanza, na sauti ikavuka maji. "Nimekuja kuwasikiliza. Kwa nini mmechagua kusimama ukingoni badala ya safari ya mtoni? Viti tumeweka. Mito tumeweka. Juisi ipo. Semeni."

Watu wakatazamana. Bi Mwantumu, aliyekuwa mbele na beseni lake, ndiye aliyejibu, tena bila kupaza sauti sana, kwa kuwa meli ilikuwa karibu.

"Tumefika, baba."

Waziri akageuka. "Anasemaje?"

Fulgensi alikuwa ameshakisogeza kinasa sauti mdomoni. Akakishusha. "Anasema wamefika, Mheshimiwa."

"Wamefika wapi?"

Fulgensi akalitazama soko, na bati la bluu, na hakimu anayekula kitumbua. "Hapo, Mheshimiwa."

Waziri alifikiri jambo hilo, na lilikuwa kubwa kwake, kwa hiyo akatafuta dogo. Akanyoosha kidole. "Na yule mama mwenye mtoto, mbona hapungi? Kila mtu anapunga. Nani anamlipa kwa kusimama tu?"

Sikitu hakumsikia. Tunu alikuwa amejigeuza kwa magoti, amemshika mama yake vidole viwili vya kila mkono, na anavivuta kwenda juu kwa nguvu zake zote, uso umemwiva kwa bidii. Akayumba. Makalio yakanyanyuka, yakashuka, yakanyanyuka tena. Kisha akawa amesimama, kwenye miguu miwili, nyayo zote mbili zimeikanyaga nchi. Akatazama chini kuona ni nani aliyemwinua namna ile.

Hoza aliacha kupunga. Halafu jirani yake akaacha, na jirani wa jirani, mpaka ukingo mzima ukawa umeiacha mikono ianguke, watu wamegeuka kumtazama mtoto, wameipa meli ya taifa migongo. Waziri akaamuru chombo kisimame. Lakini nahodha alikuwa amefundishwa upya asifike, na Furaha ya Taifa ikaendelea taratibu kuelekea kona ya juu, sauti ya kipaza sauti ikizidi kuwa nyembamba.

Tunu akainua mguu wa kushoto. Akautua.

Alipouinua tena, palibaki alama kwenye tope, imetimia, toka kisigino mpaka vidole vyote. Wizara, nasikia, ilileta watu wa kuizungushia kamba na kuiandikia kibao kwamba ni kivutio. Mvua ikanyesha wiki hiyo hiyo, ikaifuta. Hakuna aliyeisikitikia. Kutoka pale ukingoni kwenda sokoni, na kutoka sokoni kwenda kwenye mashine ya baba yake, zilikuwapo nyingine tele, zimepindapinda, zinaanguka na kuinuka njia nzima, na kila msururu ukiufuata mpaka mwisho unakuta mtoto.